Simu ya Maandishi kwa Kiziwi: Kwanza Uliza Atazungumza na Nani

Mtu anayetaka kumnunulia ndugu yake kiziwi simu huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza bei, kisha huuliza aina, na mwisho, kama muda umebaki, huuliza inavyofanya kazi. Mimi si fundi wa simu wala mkalimani wa lugha ya alama; ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya hapa mjini Unguja ambaye, kwa sababu ya ukoo, amejikuta akiwachagulia watu wake vifaa hivi, na baadaye akaulizwa na majirani. Rai niliyoipata katika shughuli hiyo ni kwamba simu ya maandishi haichaguliwi kwa kumtazama kiziwi peke yake. Huchaguliwa kwa kumtazama kiziwi pamoja na yule aliye upande wa pili wa laini, na njia inayowaunganisha wawili hao. Kifaa kinachosifiwa Marekani huweza kuwa uchafu wa kabatini Wete, na kitochi cha bei ya chini kabisa kikamtosha mtu ambaye duka zima lilikuwa tayari kumuuzia simu ya laki kadhaa.

Nianze na kifaa chenyewe kilichoanzisha mambo, kwa kuwa bado kinaletwa visiwani katika masanduku ya misaada. Kinafahamika kwa herufi TTY: kibodi ndogo yenye kioo cha mstari mmoja au miwili, na juu yake vikombe viwili vya mpira ambamo mkono wa simu ya mezani hulazwa. Asili yake ni mwaka 1964, pale Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa California, alipotengeneza kifaa cha kugeuza herufi kuwa milio ili mashine kuukuu za teleksi ziweze kuandikiana kupitia laini ya kawaida ya simu, akishirikiana na daktari wa meno James Marsters, naye kiziwi, na Andrew Saks. Vikombe vile vya mpira havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kampuni iliyomiliki simu Marekani wakati ule ilikataza mtu kuunganisha mashine isiyokuwa yake moja kwa moja kwenye waya, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kuufanya mkono wa simu usikie milio kama unavyosikia sauti ya mtu.

Milio hiyo ni miwili tu, mmoja wa hezi 1400 na mwingine wa hezi 1800, nayo hupangwa kwa mfumo wa Baudot ambao kila herufi ni alama tano za ndiyo au siyo. Alama tano hutoa michanganyiko 32 pekee, haitoshi kwa herufi na tarakimu zote, hivyo mfumo hutumia alama maalumu inayosema kwamba yanayofuata ni tarakimu, na nyingine inayorudisha herufi. Mkwaruzo mdogo ukiila alama hiyo, salamu yote hutokea upande wa pili ikiwa ni safu ya namba zisizo na maana. Tena mfumo hauruhusu wawili kuandika kwa pamoja; ni kama wachezaji wa bao, mmoja hungoja kete za mwenzake zilale ndipo aanze. Ndiyo sababu watumiaji wa Marekani walizoea kumaliza kila kauli kwa herufi GA, maana yake mwenzangu endelea, na kuaga kwa SK.

Jumuiya moja ndogo ya mjini ilinionyesha sanduku lenye vifaa vya namna hiyo vilivyotolewa kwa nia njema na watu wa ng'ambo, na viongozi wake wakataka niwaeleze wavigawe vipi. Nilianza na kitu kilicho wazi: chaja zake zilikuwa za umeme wa volti 120, na hapa kwetu tuna volti 230, kwa hiyo atakayezichomeka kwa adapta ya plagi tu, bila transfoma, ataziunguza. Hilo lilikuwa jambo dogo kuliko yote. Vifaa vinataka simu ya mezani, na nyumba nyingi za visiwani zimeruka kutoka kutokuwa na simu kabisa hadi simu ya mkononi, bila kupita mezani. Simu ya mkononi haikai katika vikombe vile, na hata ingekaa, mtandao wa simu za mkononi huibana sauti kwa hesabu zilizotungwa kwa ajili ya maneno ya binadamu. Milio miwili ya Baudot ikipita humo hutoka imeharibika. Wahandisi walilazimika kubuni mbinu ya pekee, iitwayo CTM, ili maandishi hayo yapite salama kwenye GSM, mfumo wa mtandao wa simu za mkononi, nayo hufanya kazi pale tu simu na mtandao vyote viwili vinapoijua.

Jumuiya iliuliza kama haingewezekana kuviacha vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe, viwili Unguja na viwili Pemba. Ingewezekana, kama vyote vingekuwa vya aina moja na laini za mezani zingepatikana kwenye nyumba zote nne. Lakini vifaa vya Uingereza vilifuata mfumo mwingine, wa kasi ya biti 300 kwa sekunde. Ujerumani ikawa na wake, Uholanzi ikatumia milio ya vitufe vya simu, na Ufaransa ikatumia Minitel, kifaa cha kioo na kibodi kilichounganishwa na laini ya simu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipotoa pendekezo la V.18 mwaka 1994, lengo lilikuwa kifaa kimoja kiweze kuitambua mifumo yote hiyo. Anayepokea msaada wa vifaa vilivyochanganyika kutoka nchi mbalimbali anapokea, mara nyingi, viziwi wa mashine: kila moja hai, na hakuna inayoielewa nyingine. Niliwashauri wavihifadhi vya kufundishia historia, na fedha za kuvisafirisha Pemba wanunulie vocha. Sikupendwa siku ile.

Kuna jambo jingine ambalo wafadhili hulisahau wanapotoa kifaa kilichowafaa kwao. Nguvu ya simu ya maandishi Marekani haikuwa kwenye kibodi. Ilikuwa kwenye mtu wa katikati. Sheria ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu nchini humo ilizitaka kampuni za simu ziwe na huduma ya upatanishi hadi kufikia Julai 1993: kiziwi anaandika, mpatanishi anamsomea kwa sauti mtu asikiaye, kisha anaandika jibu. Baadaye ikatengwa namba fupi ya 711 kwa nchi nzima. Mpatanishi huyo hulipwa, hufungwa na sheria kutunza siri, wala hana haki ya kuongeza neno lake. Kwa njia hiyo kiziwi mwenye kifaa kimoja aliweza kumfikia daktari, fundi bomba na shangazi yake, ambao hawakuwa na kifaa chochote.

Katika familia ninazozijua visiwani, mpatanishi ni mtoto wa nyumbani. Binti wa darasa la sita anapiga simu hospitali kwa niaba ya baba yake, anasikia habari za mkojo na za damu, na anapaswa kuamua papo hapo aseme lipi na anyamaze lipi. Nimemshuhudia mtoto akitumwa kupeleka maneno ya talaka kwa simu, kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtu mzima, na uso wake sijausahau. Watu hulisifu jambo hili, wakasema tazama mtoto alivyo msaada. Mimi naona ni mzigo asiostahiki kubebeshwa, na sababu kubwa kuliko zote ya kumtafutia kiziwi njia ya kuzungumza mwenyewe ni hiyo, hata kabla ya kutaja haki. Haki nazo zimeandikwa: Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009.

Sasa nije kwa watu wenyewe. Ami yangu aliyeko Wete alikuwa dalali wa samaki dikoni, na sauti yake ilisikika kabla hujaiona bahari. Masikio yamemwisha ukubwani, kidogo kidogo, hadi hakubaki kitu. Lakini ulimi ni ule ule, na kusoma anasoma vizuri. Watoto wake walitaka kumnunulia simu janja kubwa yenye programu za kila aina. Nilimuuliza, "Ami, unataka kuzungumza na nani?" nikimwandikia kwenye daftari, naye akajibu kwa sauti iliyojaa baraza: "Na nyie wanangu, na wenye madau." Mtu wa namna hii hahitaji kuandika. Anahitaji kusema kwa mdomo wake na kujibiwa kwa macho. Wamarekani walikuwa na mpango kama huo kwenye simu zao za maandishi, ambapo aliyepata uziwi ukubwani huzungumza mwenyewe na mpatanishi humwandikia majibu tu.

Tulipata mpango wetu bila mpatanishi na bila kifaa kipya. Katika mtandao wa GSM ujumbe mfupi hausafiri katika njia ya sauti bali katika njia ya ishara, kwa hiyo huweza kuingia huku simu ya sauti inaendelea. Ami anapiga, anatazama kioo mpaka saa ya simu ianze kuhesabu, hapo anajua kwamba mtu amepokea, na anaanza: "Mimi ni kiziwi, nakuomba usikate, nijibu kwa meseji." Kisha husema haja yake, na majibu humjia kwa maandishi akiwa bado hewani. Kwa walio na WhatsApp hutuma sauti iliyorekodiwa na wao humjibu kwa kuandika. Kitu tulichokitafuta kwenye simu yake kilikuwa herufi kubwa, mwanga wa kioo unaoshinda jua la Wete, na mtetemo wenye nguvu. Hayo yote yalipatikana kwenye simu ya kawaida.

Yapo pia yale maandishi ya papo kwa papo yanayotokana na sauti. Programu ya Live Transcribe, ambayo Google iliitoa mwaka 2019 baada ya kushirikiana na chuo kikuu cha viziwi cha Gallaudet huko Washington, husikiliza maneno na kuyaandika kwenye kioo, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Tuliijaribu barazani kwa ami. Msemaji mmoja, aliye karibu, anayesema taratibu, iliandika sawasawa kiasi cha kushangaza. Walipoingia watatu kwa pamoja, na mazungumzo yakageuka kuwa Kipemba halisi, kioo kilijaa maneno ambayo hakuna aliyeyatamka, na ami akacheka hadi machozi. Ni kifaa cha kuzungumzia na daktari au karani uso kwa uso. Kwa baraza bado.

Mpwa wangu ni habari nyingine kabisa, na ndiyo sababu siamini orodha moja ya vifaa vya viziwi. Yeye amezaliwa kiziwi, anashona kofia za vito, na lugha yake ya kwanza ni ya alama. Kiswahili anakisoma kama lugha ya pili, na ngeli zetu, ambazo asikiaye huzinyonya pamoja na maziwa, yeye amezikuta kwenye karatasi. Ujumbe wa mistari minane wenye vishazi ndani ya vishazi humchosha, na akijibu, upatanisho wa kisarufi huweza kukosekana huku maana ikiwa imekamilika. Wapo ndugu wanaoyachukua majibu yake kwa mzaha. Kama mwalimu wa lugha nasema wazi kwamba mzaha huo ni ujinga, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao awezaye kuunga sentensi tatu kwa mikono yake.

Kwa mpwa wangu simu ya maandishi ni ya biashara: bei, kipimo cha kichwa, siku ya kuchukua. Mazungumzo ni ya video. Hapo vigezo hubadilika vyote. Lugha ya alama hutegemea mwendo wa vidole, na mapendekezo ya kitaalamu ya mawasiliano ya video kwa lugha hiyo hutaka picha zipatazo 20 kwa sekunde. Zikipungua sana, vidole huruka na neno hupotea. Kwa hiyo kamera ya mbele ni muhimu kuliko ya nyuma, ingawa wauza simu wa Darajani watakusifia ya nyuma. Pembe ya kamera iwe pana ya kutosha kuonyesha kichwa, mikono na kiuno, maana alama nyingi hufanyika kifuani. Simu iwe na kitu cha kuisimamisha, kwa sababu anayeishika kwa mkono mmoja amebaki na nusu ya mdomo. Mwanga utoke mbele ya msemaji, si dirishani nyuma yake. Na bando lihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya bei ya kifaa, kwani dakika za video hula data kuliko maelfu ya meseji, na simu ya zawadi isiyo na fedha za data hugeuka kioo cha kujitazamia.

Kundi la tatu, wenye usikivu hafifu, ndilo linalodanganywa zaidi na maduka. Wao huambiwa wanunue simu yenye sauti kubwa. Lakini usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea katika milio ya juu, ambamo zimo konsonanti kama s, f na sh, na simu ya kawaida yenyewe hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400 tu. Ukiongeza sauti unaongeza ukubwa wa kilichobaki, hurudishi kilichopotea. Kwa hiyo sita huweza kusikika tisa, na katika habari za fedha hiyo ni hasara ya kweli. Mwenye kuvaa kifaa cha usikivu aulize kama kina koili ya simu, ambayo huwekwa kwa alama ya T na hupokea sumaku ya simu badala ya sauti ya hewani, hivyo kelele za sokoni haziingii. Kisha aangalie kama simu anayoinunua imepimwa kuwa inafaa kwa koili hiyo; zile zilizopimwa kwa kipimo cha zamani huandikwa T3 au T4. Vifaa vidogo mno vya kuingia ndani ya sikio mara nyingi havina koili hiyo, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Na namba zote, hata baada ya hayo, zithibitishwe kwa maandishi.

Upande wa maandishi yenyewe nina mambo mawili ya kiufundi ambayo yamewasaidia watu. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, na Kiswahili kina bahati kwa kuwa herufi zake zote zimo katika jedwali la msingi la GSM. Ukiingiza kikatuni cha uso, au hata ile alama ya king'ong'o iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe katika neno kama ng'ombe, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka hadi herufi 70. Ujumbe mmoja unakuwa mitatu, nao hulipiwa mitatu. Tumia alama iliyonyooka. La pili ni maandishi ya wakati halisi, yanayofahamika kwa herufi RTT, ambayo hupeleka kila herufi inapobonyezwa na yanaruhusu sauti na maandishi katika simu moja. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu mitandao yake ya simu za mkononi iyatumie mahali pa TTY. Simu nyingi mpya zinayo, lakini kitufe chake huonekana pale tu mtandao unapoiunga mkono, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili yake kabla hujatia laini yako mwenyewe na kukiona.

Betri sitaifupisha. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi, na sisi tusikiao tulilalamikia friji na pampu za maji. Kwa kiziwi giza ni jambo jingine: mikono haionekani, midomo haisomeki, na simu ikizima hakuna wa kumwita. Nikichagua kati ya simu mbili za bei moja, huchukua yenye betri kubwa na kuiacha yenye umbo jembamba, kisha huongeza benki ya umeme ndogo. Mtetemo nao ujaribiwe dukani, simu ikiwa mfukoni na si kiganjani, kwa sababu zipo zinazotetemeka kama zinaona haya. Mpwa wangu, ambaye simu hubaki mezani anaposhona, amesaidiwa na saa ya mkononi ya bei nafuu inayotetemeka kila ujumbe unapoingia, na simu yake huwaka tochi inapopigwa.

Kikwazo kilichobaki hakinunuliki dukani. Taasisi moja ya fedha ilimzuilia mpwa wangu akaunti kwa sababu alipigiwa simu ya uhakiki na hakupokea, na alipokwenda dirishani aliandikiwa kwenye karatasi kwamba asubiri kupigiwa tena. Ofisi inayotoa namba ya sauti peke yake haijamfungulia kiziwi mlango, hata akiwa na simu ya thamani gani. Namba moja ya kupokea meseji, yenye mtu wa kuijibu kwa jina, ingetosha.

Kwa dharura tumejipangia wenyewe. Katika simu ya ami na ya mpwa wangu kuna ujumbe uliokwisha andikwa, wenye jina, shehia, alama ya nyumba na maneno "mimi ni kiziwi, njooni", unaokwenda kwa mkupuo mmoja kwa sheha, kwa jirani wa ukuta mmoja na kwangu. Meseji haina ahadi ya kufika kwa wakati; huweza kungoja mtandaoni mpaka simu ya mpokeaji iwake. Ndiyo maana kila mmoja wetu watatu amekubali kujibu neno moja tu, "nimeipata", kabla hajavaa viatu, na asipopata jibu kutoka kwa yeyote ndani ya dakika chache, mtumaji anajua kwamba inambidi atoke akagonge mlango wa mtu.